Karani wa Nyumba ya Katikati

Andwele Mwaisumo alishuka Sumbawanga kutoka basi la Mbeya mwaka ule ambao mkoa wa Rukwa ulikuwa bado mchanga, ofisi zenyewe zikinuka rangi mbichi. Vumbi la njia ya Laela lilikuwa limemkaa mpaka kwenye kope. Alivaa koti jembamba la kwendea kanisani, na upepo wa Ufipa, ule wa mwezi wa sita unaovuma kama umekosana na watu, ukampita mbavuni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha pale stendi akamtazama, akacheka, akamshauri anunue blanketi kwanza, kazi ya serikali ataifanya baadaye. Akanunua blanketi. Ndivyo alivyokuwa mtu yule. Ukimwambia neno lenye maana alilishika palepale, hata kama aliyelisema ameshika sinia la viazi.

Kwao ni Rungwe, kwenye migomba na mvua isiyojua kukatika. Baba yake alikuwa mpishi wa misheni, mama yake akilima kahawa kidogo nyuma ya nyumba. Alimaliza kidato cha nne, akapelekwa Dar es Salaam kufundishwa takwimu kwa miezi kadhaa, akapewa cheo kirefu ambacho watu wa Sumbawanga walikifupisha siku ileile wakakifanya neno moja: karani. Karani wa nini? Kuna waliosema wa kuhesabu watu, kuna waliosema wa kuhesabu kuku, na ukweli ni kwamba wote walikuwa wamepatia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilitaka kujua wananchi wa wilaya ile wanapata kiasi gani kwa mwaka. Haikutaka habari za mtu mmojammoja, ilitaka za kaya, yaani wale wanaokula chungu kimoja. Tena haikutaka kujua mara moja ikanyamaza. Ilitaka mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine baada ya huo, ionekane kama tangu watu wahamie vijiji vya ujamaa maisha yanapanda au yanashuka.

Mkuu wake, Bwana Philipo, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa akivaa sweta mbili kwa mpigo, alitaka wastani. Jumlisha vyote, gawa kwa idadi ya kaya, peleka juu. Andwele alimweleza kwa upole kwamba wastani utawadanganya. Pale mjini kulikuwa na mfanyabiashara mwenye malori mawili. Ukimchanganya huyo na wakulima tisa wa kijiji cha Kasense kisha ukagawa, kila mkulima ataonekana ana tairi lake la lori, na wala hana baiskeli. Afadhali kaya zote zipangwe mstari, kuanzia yenye kidogo hadi yenye kingi, halafu aulizwe yule aliyesimama katikati ana nini. Nusu ya wilaya iko nyuma yake, nusu iko mbele yake. Mwenye malori akinunua la tatu, nyumba ya katikati haitikisiki.

Bwana Philipo alifikiri kidogo, akavuta sweta ya juu.

"Haya, niletee hiyo nyumba yako ya katikati," akasema. "Lakini ripoti iwe ya Kiswahili, niweze kuisoma bila kuita daktari."

Basi Andwele akapewa baiskeli ya ofisi, kwa sababu gari la ofisi lilikuwa likingoja petroli zaidi ya kwenda safari, akaanza kuzunguka vijiji. Hakuingia kila nyumba. Alichagua baadhi ya mabalozi, kila mmoja na nyumba zake kumi, na aliahidi kuzirudia nyumba zilezile kila mwaka mwezi uleule wa nane, mahindi yakiwa yamekwisha ingia vihengeni. Ukiuliza watu mwaka huu wameshiba, na mwaka ujao ukawauliza wakiwa na njaa, utasema nchi imeanguka, kumbe ni mwezi tu umebadilika.

Kasense ni hapo tu, mwendo wa asubuhi kutoka mjini. Balozi wake, Flavian, alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Alimpokea Andwele kwa kupiga makofi yale ya Kifipa, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, akamtembeza nyumba hadi nyumba akimtambulisha kwamba huyu ni mtu wa serikali, hatozi kodi, anauliza tu. Shida ni kwamba watu walisikia serikali, wakasikia kodi, lile la kuuliza tu halikuwafikia masikioni. Kodi ya kichwa ilikwisha futwa miaka iliyopita, lakini hofu yake haikuwa imefutwa. Mwaka ule wa kwanza Kasense nzima ilikuwa haina kitu. Vihenge vimejaa mpaka vimeinama, na mwenye kihenge anasema mwaka umekuwa mgumu sana, kijana wangu.

Mzee Eustaki ndiye aliyewazidi wote. Alikuwa mtu wa makamo, kifua kipana, sauti ya kuimbia kwaya, na alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake kama hakimu.

"Nina jembe, nina mke, nina Mungu," akamwambia Andwele. "Andika."

Andwele akaandika jembe. Akauliza kuhusu kuku. Mzee Eustaki akasema hajui habari za kuku, hizo ni habari za wanawake. Mkewe, Mama Klementina, alikuwa jikoni akisonga ugali wa ulezi, hakusikia au alijifanya hakusikia. Jibu likatoka kwa binti yao, Hilaria, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage.

"Wa jana au wa leo? Maana jana alipita kicheche."

Alisema hivyo bila kuinua uso, mkono ukiendelea na maharage. Andwele akajikuta anacheka peke yake katikati ya kazi ya serikali. Hilaria alikuwa amemaliza darasa la saba, na jioni alikuwa akifundisha elimu ya watu wazima pale shuleni, wazee kwa vikongwe wakishika chaki kama wanashika nyoka. Andwele akaona ni vizuri kwenda kuangalia darasa lile, mtu wa serikali lazima ajue elimu inaendeleaje. Baadaye akaona idadi ya kuku wa Mzee Eustaki inahitaji kuhakikiwa. Ikahitaji kuhakikiwa tena. Watu wa Kasense hawakuwa vipofu. Flavian alisema kwa uso wake uleule wa utaratibu kwamba kaya nyingine zote zimehakikiwa mara moja, lakini ya Eustaki imehakikiwa mpaka mbwa amezoea.

Siku moja wakirudi kutoka darasani, Andwele akikokota baiskeli na Hilaria akitembea upande wa pili wake, binti alimwuliza yeye mwenyewe ana nini, maana anauliza wenzake wote na yeye hajaulizwa. Andwele akataja mshahara wake, akataja redio, sufuria mbili na blanketi. Alitaja pia kwamba kila mwezi anapeleka sehemu kwa mama yake Rungwe. Hakuongeza wala hakupunguza. Hilaria aliliona hilo, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kumpenda, kama alivyosema mwenyewe miaka mingi baadaye. Hakusifia redio. Akamwambia tu kwamba akitaka kutuma mshenga, atume. Akaongeza neno moja, na kwa neno hilo alisimama kabisa, akishika usukani wa baiskeli.

"Baba yangu anapenda kuwa mkubwa. Akisema neno mbele za watu, usimbishie. Mimi siondoki kwetu kwa aibu ya baba."

Andwele akakubali. Wakati ule aliona ni jambo dogo.

Mwezi wa nane ukarudi, na Andwele akarudi Kasense na karatasi zake kwa duru ya pili. Safari hii hapakuwa na hofu. Alikaribishwa. Nyumba ya kwanza walimtandikia mkeka mpya na kumpa chai yenye sukari, na sukari mwaka ule ilikuwa kitu cha kupangia foleni. Mwenye nyumba akamwambia aandike ng'ombe wanane. Nyumba ya pili hawakutandika kitu, mama wa nyumba alilia kabisa, akasema maharage yote yameliwa na wadudu. Ya tatu chai tena, mbuzi wengi, gunia juu ya gunia. Ya nne kilio. Andwele aliandika alichoambiwa, kama alivyofundishwa. Kwa kweli macho yalikuwa kwenye karatasi, lakini kichwa kilikuwa kimekwisha tangulia nyumba ya saba.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Mzee Eustaki. Kigoda kilekile, kifua kilekile, lakini yale ya jembe, mke na Mungu hayakurudiwa.

"Ng'ombe kumi na wanne," Mzee Eustaki akasema.

Andwele akatazama zizi. Walikuwa wanne, mmoja wao ndama.

"Wengine wako bondeni Mtowisa, kwenye majani mazuri," Mzee Eustaki akasema. "Au karani hujui kuwa ng'ombe wana miguu?"

Watu waliokuwa wamesimama karibu wakacheka. Hilaria alikuwa mlangoni, akamtazama Andwele mara moja tu. Andwele akakumbuka ahadi. Akaandika kumi na wanne.

Wiki mbili baadaye alimtuma mshenga. Alikuwa Mbonile, fundi cherehani kutoka Mbeya aliyekuwa akishona barazani pale sokoni, mtu wa umri, kipara, mwenye ulimi wa kulainisha hata chuma. Alikwenda na jembe jipya kama desturi inavyotaka, likapokelewa, maana yake mlango umefunguliwa. Akakaa na wazee mchana kutwa. Alirudi jua likielekea kuzama, akaketi kwenye mashine yake, akavua viatu kwanza.

Akaeleza kwamba mambo yote yalikwenda vizuri hadi walipofika kwenye mahari. Kwa watu wa pale, binti wa mkulima hutolewa kwa ng'ombe wawili na mbuzi, tena kwa kujadiliana. Mzee Eustaki alitaja ng'ombe sita. Mbonile alipokohoa kwa mshangao, mzee akamjibu kwamba hasemi yeye, imesema serikali. Karani mwenyewe ameandika kwa mkono wake kwamba nyumba hii ina ng'ombe kumi na wanne, na binti wa nyumba ya ng'ombe kumi na wanne hatoki kwa mbuzi.

"Ndugu yangu, umejipandishia bei mwenyewe," Mbonile akasema. "Sijawahi kushona suti ikamkaba mwenye kuvaa namna hii."

Andwele alipiga hesabu. Ng'ombe sita walikuwa sawa na mshahara wake wa zaidi ya nusu mwaka, na hapo asile, asivae, asipeleke kitu Rungwe. Alilala na jambo hilo. Asubuhi akaenda ofisini, akaanza kupanga kaya zake mstari, kwa kuwa ripoti ilikuwa inangojwa.

Ndipo alipoliona. Vijiji vingine nyumba ya katikati ilikuwa imepanda kidogo tu, kama inavyotakiwa mwaka wenye mvua nzuri. Kasense ilikuwa imeruka. Si nyumba zote. Kuna zilizopaa na kuna zilizozama, na Andwele alizijua moja baada ya nyingine kwa majina ya watoto wao. Zote zilizopaa zilikuwa na mabinti wakubwa. Zote zilizozama zilikuwa na vijana wa kiume waliokaribia kuoa. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba karani anatafuta mke, na kwamba anachoandika ndicho kitakachosemwa siku ya mahari. Mwenye binti alitaka aandikwe tajiri ili apokee kingi. Mwenye kijana alitaka aandikwe maskini ili atoe kidogo. Na kwa kuwa balozi yule wa Kasense nyumba zake nyingi zilijaa mabinti, nyumba ya katikati ikabebwa juu pamoja nao.

Andwele alicheka peke yake mezani mpaka mhudumu akachungulia. Halafu akaacha kucheka. Akifuta wale ng'ombe kumi wa Mtowisa, atakuwa ameiponya hesabu, lakini siku hiyohiyo watu watasema karani amewapunguza ng'ombe wa mkwe kwa kalamu ili apunguziwe mahari. Mzee Eustaki ataitwa mwongo na kijana anayemwomba binti. Na Hilaria alikwisha sema. Akiwaacha wale kumi kwenye karatasi, atalipia ng'ombe ambao hawapo, na wilaya nzima itasemwa imepata ambacho haikupata.

Akaenda kwa mkuu wake, akamweleza yote bila kuficha hata la mikeka na chai. Bwana Philipo alisikiliza, mashavu yakianza kutikisika. Kwanza, aliposikia Kasense imeruka, alifurahi sana, akaanza kupanga namna ya kuitaja mbele ya wakubwa. Sasa alipiga meza kwa kicheko. Akasema angempeleka Kristiana, yule karani wa kike wa ofisi ya pili ambaye bado hajaolewa, lakini akimpeleka Kristiana hesabu itasimama kichwa chini, wenye vijana wa kiume watakuwa matajiri ghafla na wenye mabinti watalia. Dawa ni kumpeleka Rafaeli, karani mzee mwenye wajukuu na jino moja la mbele, ambaye hakuna nyumba itakayomtandikia mkeka.

"Lakini yule mzee wako siwezi kumgusa mimi," Bwana Philipo akasema, safari hii bila kicheko. "Ng'ombe wale wamo kwenye hesabu na wamo kwenye mahari. Sehemu ya mahari nenda kaimalize mwenyewe. Usije ukasema ofisi imekusaidia kuoa."

Jumapili baada ya misa Andwele alikwenda Kasense pamoja na Mbonile. Njiani Mbonile alimpa ushauri wa kila namna. Alimwambia waombe wapunguziwe wafike wanne, wamtie mzee aibu ndogo kwa wale ng'ombe wa Mtowisa, wamtume mtu akawaone. Andwele alikuwa akitembea kwa hatua za kawaida, mikono nyuma. Alikwisha amua, na ukimwona mtu wa namna ile amekwisha amua, huna haja ya kumhurumia.

Walimkuta Mzee Eustaki kwenye kigoda, ameketi na Flavian na wazee wawili, wanakunywa pombe ya ulezi kwa utulivu wa Jumapili. Mama Klementina alikuwa ameketi mkekani pamoja na Hilaria. Walisalimiana kwa makofi, Andwele akapiga goti kama mkwe anavyopaswa, wakakaribishwa. Yakazungumzwa ya mvua, ya mbolea, ya barabara ya kuteremkia bondeni. Mzee Eustaki mwenyewe ndiye aliyeleta ya mahari. Akamwuliza Mbonile kama mtu wa ndizi amekuja kulia bei.

Andwele akaomba ruhusa aseme yeye.

"Baba, sikuja kulia. Umetaja sita, nitatoa sita. Sitatoa kwa mwaka mmoja, mshahara wangu unaujua hata Hilaria, lakini nitatoa wote, na sitaomba hata mkia urudishwe."

Mbonile akamkanyaga mguu. Wazee wakatazamana. Mzee Eustaki akanyoosha kifua.

"Nimesikia," akasema. "Endelea."

"Hayo ni ya kwangu na wewe. Kuna ya serikali. Karatasi ile niliyoandika hapa mwezi uliopita nimeiondoa kwenye hesabu, ya nyumba zote kumi, si ya kwako peke yake. Nilikuja kama mchumba na nikauliza kama karani, siku moja, mkeka mmoja. Kosa ni langu. Atakuja mtu mwingine kuuliza upya. Mahari haitapungua kwa jibu lolote mtakalompa. Ndiyo maana nimeikubali kwanza."

Flavian, balozi, alikuwa akitazama ndani ya kibuyu chake. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na mabinti watatu na iliandikwa magunia ambayo hata yeye asingejua pa kuyaweka. Mzee mmoja akaguna. Hilaria hakusogea, alikuwa akimtazama baba yake, na mikono yake miwili ilikuwa imeshikana sana.

Mzee Eustaki alikuwa na njia mbili. Angeweza kukasirika, maana mtu amesema mbele ya wenzake kwamba hesabu itarudiwa. Lakini hakuitwa mwongo, wala hakupunguziwa kitu. Alipewa vyote alivyotaka, na sasa hakujua auweke wapi ule ushindi.

Aliyesema alikuwa Mama Klementina, na alisema akiendelea kupangusa mkeka, kama mtu anayetaja chumvi.

"Huyo atakayekuja mwambieni ng'ombe wa Mtowisa ni wa kaka yangu. Hapa tuna wanne. Wa tano atazaliwa Mungu akipenda."

Mmoja wa wazee ndiye aliyecheka kwanza. Akafuata Flavian, halafu Mbonile, ambaye alikuwa bado amekanyaga mguu wa watu. Mzee Eustaki alijaribu kuwakazia macho, lakini kifua kile kipana kikaanza kutikisika chenyewe. Akasema kwamba ng'ombe wa shemeji ni ng'ombe wake pia, ni nani asiyejua hilo, akienda Mtowisa hanywi maziwa ya dukani. Mkewe akamjibu akanywe, lakini asiwaandikishe. Hapo wakacheka wote.

Kicheko kilipotulia, Mzee Eustaki akamgeukia Andwele.

"Karatasi iandikwe upya," akasema. "Mahari haiandikwi upya. Umesema sita."

"Nimesema sita, baba."

"Basi chukua kibuyu, unywe. Unasikia baridi, koti lako hilo ni la wapi?"

Andwele akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Hilaria akainuka kuongeza kuni, na alipopita nyuma ya mama yake aliinama akamwambia jambo sikioni, mama akampiga kofi dogo la mguuni. Ndivyo posa yenyewe ilivyokamilika.

Rafaeli alikwenda Kasense wiki iliyofuata na jino lake moja, na kama ilivyotabiriwa hakuna aliyemtandikia mkeka. Andwele alikuwa amemwandikia maswali ya namna nyingine. Rafaeli hakuuliza watu wana nini. Aliuliza wamenunua chumvi mara ngapi, sabuni, mafuta ya taa, kanga ya mama na kaptula za watoto, wameuza magunia mangapi kwenye mizani ya kijiji na wamebakiza mangapi ya kula, na akauliza hivyohivyo kwa mwaka uliotangulia, wanawake wakikumbushana kwa arusi na misiba. Mtu ana sababu ya kuongopa kuhusu ng'ombe, lakini hajapata sababu ya kuongopa kuhusu sabuni. Ikaonekana kwamba Kasense mwaka wa kwanza haikuwa fukara vile ilivyolia, na mwaka wa pili haikuwa tajiri vile ilivyojigamba. Nyumba ya katikati ilikuwa imepanda, kwa kiasi cha gunia moja na kitu. Bwana Philipo alisikitikia ule mruko wake, akaisoma ripoti mara mbili, akaipeleka juu ilivyo, na pembeni ya Kasense akaandika kwa mkono wake kwamba duru hii imerudiwa. Sababu hakuiandika.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata, kiangazi, kwenye kanisa lililojaa mpaka nje. Ng'ombe wawili walitangulia, wengine wakafuata kidogokidogo. Mmoja alinunuliwa kwa fedha za shamba la maharage alilolima Hilaria mwenyewe, na Mzee Eustaki alipojua kwamba binti yake anajilipia mahari mwenyewe, alizunguka kijiji kizima akilisimulia kama sifa ya ukoo. Redio iliuzwa. Baiskeli ilibaki ya ofisi. Walipata kiwanja ukingoni mwa Kasense, kwa balozi yuleyule Flavian, wakajenga nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba viwili, na Hilaria akaendelea na darasa lake la watu wazima, ambamo siku moja alijiandikisha Mama Klementina bila kumwambia mtu.

Kwa kuwa Andwele sasa alikuwa mtu wa Kasense, hakuruhusiwa tena kuuliza Kasense. Kazi hiyo ilibaki ya Rafaeli, na mwezi wa nane wa mwaka wa pili wa ndoa ulipofika Rafaeli akabisha hodi nyumbani kwa mwenzake, akatoa karatasi, akakohoa kikazi. Andwele alikuwa Mtowisa siku ile, akiuliza wakulima wa mpunga. Hilaria ndiye aliyejibu. Alijibu yote kwa mfululizo, mshahara wa mumewe, maharage yake, kuku aliokuwa nao asubuhi ile baada ya kicheche, walichopeleka Rungwe na walichopeleka kwa baba. Rafaeli alisema katika nyumba zote za wilaya hajapata kumaliza kabla chai haijachemka.

Jioni ya siku aliyorudi Andwele, Mzee Eustaki alikuja kuwatembelea, fimbo mkononi. Aliketi, akavuta-vuta maneno, mwisho akauliza alichokuja kuuliza. Alitaka kujua katika ule mstari wao wa kaya, nyumba ya binti yake imesimama wapi. Andwele akasema hizo ni siri za kazi, hata za kwake mwenyewe hazitaji. Lakini Hilaria hakuwa mtumishi wa ofisi yoyote, na alikuwa amekwisha piga hesabu yake jikoni kwa kufananisha na majirani.

"Chini kidogo ya katikati, baba," akasema.

Mzee Eustaki akashtuka. Mtu wa serikali, mshahara wa kila mwezi, na mke mchapakazi namna hii? Akauliza sababu.

"Ng'ombe wako."

Mzee Eustaki akatazama chini, akatazama juu ya paa, akamtazama mkwewe aliyekuwa akijitahidi sana kukaza uso. Akavuta kigoda chake karibu na moto.

"Amebaki mmoja tu," akasema. "Mkishamtoa, mtapita katikati bila kusimama."

Hilaria akamwekea ugali. Wakala wote watatu.